Vichuguu Viwili vya Mchanga

Ugomvi wa kwanza niliopigana shuleni haukuwa wangu. Nilikuwa darasa la tatu, mwenzangu darasa la tatu, na mpaka kengele ya saa nne inagongwa hatukuwa na neno lolote baina yetu. Tulikunywa uji kikombe kimoja. Kisha wakubwa wawili wa darasa la sita wakatuita nyuma ya vyoo, mahali ambapo mwalimu wa zamu hafiki kwa sababu ya harufu. Mmoja wao akachuchumaa, akakusanya mchanga kwa viganja, akafinyanga vichuguu viwili vilivyolingana, taratibu, kama mtu anayepamba keki. Akanitazama. "Hili titi la mama yako." Akamtazama mwenzangu. "Na hili la mama yake. Haya, nani dume hapa?"

Wengi mnaosoma hapa mnaujua mchezo huo, au ndugu yake. Huenda kwenu ulikuwa mstari uliochorwa chini kwa kijiti, na atakayeuvuka ametukana ukoo mzima. Mambo ni yale yale. Sisi wawili tulisimama tukitazamana huku duara likijifunga nyuma yetu, na ninachokumbuka zaidi ni joto la watu migongoni. Mwenzangu alisogeza mguu. Mpaka leo siamini kwamba alikusudia. Nadhani alikuwa anatafuta pa kupitia atoke. Ukingo wa kichuguu changu ukamomonyoka, ukamwagika kidogo, labda punje za kujaza kijiko. "Kaguuusa!" Duara zima likalipuka. "Mama yake huyo kaguswa!" Nikamrukia.

Mwalimu alipofika aliuliza swali linaloulizwa katika kila shule niliyowahi kukanyaga: nani ameanza? Tukaoneshana vidole. Tukachapwa viboko vitatu kila mmoja, pale pale. Yule aliyefinyanga mchanga alikuwa mstari wa mbele wa watazamaji, mikono nyuma, uso wa malaika. Alipoulizwa anafanya nini pale, akajibu: "Mwalimu, sisi tulikuwa tunawaamulia."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi. Kiswahili kina tabia ya kuchekesha hapa. Kuamua ni kukata shauri, na kuamulia ni kuingia katikati ya wanaopigana na kuwatenganisha. Mzizi mmoja unabeba hukumu ya hakimu na mikono ya mpita njia. Siku ile mwalimu alikata shauri, na hakuna aliyetuamulia. Mimi na mwenzangu hatukusemezana mpaka darasa la tano, kwa kosa la mchanga.

Baadaye chaki ikawa mikononi mwangu mimi. Nilipewa darasa la tatu, watoto 94 katika chumba kilichojengwa kwa nusu yao, watatu na wanne kwenye dawati la wawili. Ukiwabana watoto hivyo, usiulize ugomvi unatoka wapi. Kiwiko cha mmoja ni mbavu za mwenzake. Kalamu ikianguka, imeanguka kwenye himaya ya mtu mwingine. Mashitaka yalianza kabla sijaandika tarehe ubaoni. "Mwalimu, huyu ananisukuma." "Mwalimu, kanichukulia kichongeo changu." "Mwalimu, ananiangalia."

"Anakuangaliaje?"

"Vibaya."

Wiki moja nikaamua kuchora kijiti kimoja kwa kila shitaka, nyuma ya daftari la maandalio ya somo. Jumanne, ukurasa ukajaa kabla ya mapumziko, nikaacha. Nilikuwa hakimu wa mahakama isiyofungwa, nikitoa hukumu za sekunde kumi: mrudishie, kaa chini, nyamazeni, wote wawili simameni. Hukumu hizo zina kasoro kubwa kuliko uonevu, ingawa uonevu ulikuwemo tele. Kila nilipoamua, niliwanyang'anya wale watoto nafasi moja ya kujifunza kuamua. Mtoto anayeletewa hukumu mara ishirini kwa siku kwa miaka saba anamaliza darasa la saba akijua kushitaki tu.

Nikaanza na kitu kidogo, kwa sababu sikuwa na nafasi ya kikubwa.

Jambo hili, la mtu kutambua yanayopita ndani yake kabla hajatenda, watu wameliita majina mengi kwa Kiswahili: umakinifu, uzingativu, kujitambua, na mengine marefu yanayofaa vichwa vya semina. Darasani nilitumia neno moja ambalo kila mtoto alilijua kutoka kwa bibi yake: kutulia. Nililitenga na kunyamaza. Darasa la watoto 94 litanyamaza kwa sekunde mbili ukiingia na fimbo, na ndani ya kimya hicho kuna mmoja anampiga mwenzake teke chini ya dawati na mwingine anapanga watakutana wapi saa nane. Kimya nilikuwa nacho. Nilichokosa ni mtoto anayeweza kuhisi hasira inapanda kifuani kabla haijafika kwenye ngumi.

Kifaa changu kilikuwa kipande cha bomba la chuma, urefu wa mkono, nilichokifunga kamba ya katani na kukining'iniza kwenye kenchi. Ukikigonga mara moja kwa kijiko kinalia kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Nikawaambia: sikilizeni, kila mmoja ainue kidole pale sauti itakapokwisha masikioni mwake. Siku ya kwanza vidole viliinuka vyote kwa pamoja, maana kila mtu alikuwa akimtazama jirani. Siku ya pili nikawaomba waangalie dawati. Vidole vikaanza kupanda kimoja kimoja, kama mvua inayoanza kudondoka, na kwa mara ya kwanza katika chumba kile nikasikia njiwa juu ya bati. Kulikuwa na mvulana mmoja wa dawati la nyuma ambaye alikuwa wa mwisho kila siku. Alishikilia kidole chini hata baada ya bomba kupoa kabisa, akiapa bado analisikia. Alikuwa anashindana. Sikumkataza, sekunde zile za ziada hakuwa anamsumbua mtu.

Baada ya bomba ulikuja uji. Shika kikombe chako cha uji wa moto, mikono mitupu, kikombe cha kuwaza. Unuse mvuke kwa pua. Sasa upulize upoe, polepole, maana ukipuliza kwa nguvu utamwagika mapajani. Mara tano. Kila mtoto wa kwetu anajua kupuliza uji, na hiyo ndiyo sababu zoezi hili lilikubalika. Nilijaribu kwanza "vuta pumzi ndefu" na nikapata mabega yaliyopanda hadi masikioni na watoto waliobana pumzi mpaka macho yakatoka.

Kwa nini kupuliza kuliko kuvuta? Mwili wenyewe una jibu. Mtoto anapoona kichuguu chake kinamomonyoka, sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala inatoa tahadhari kabla fikra hazijapata habari. Adrenalini inamwagika, moyo unakimbia, damu inaelekea kwenye misuli. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kusema ngoja kwanza, ni ya mwisho kukomaa. Hata kwa mtu wa miaka ishirini bado inajengeka, sembuse wa miaka tisa. Huwezi kuufikia moyo na kuuamuru upunguze mwendo. Lakini pumzi ni mlango ambao ufunguo wake unao wewe. Unapovuta hewa mapigo yanaharakisha kidogo; unapoitoa, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni, inaufungia moyo breki. Ukirefusha kutoa, unarefusha breki. Ndiyo maana ile nasaha ya zamani ya kuhesabu mpaka kumi huwa haifui dafu. Mtoto mwenye hasira anahesabu mbio, moja-mbili-tatu-nne, kama mtu anayeanzisha mashindano ya riadha, na akifika kumi anapiga.

Wiki ya tatu mzazi mmoja alikuja. Alinisalimu kwa adabu zote, akakaa, kisha akauliza: "Mwalimu, mnawafundisha watoto wetu dini gani?" Mwanawe alikuwa amefumba macho mezani na kunusa kikombe kisichokuwepo. Sikumcheka, na wewe usimcheke. Mazoezi haya yana asili, na asili hiyo kwa sehemu kubwa ni ya Kibudha. Jon Kabat-Zinn, aliyeyaingiza hospitalini katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliyavua vazi la dini makusudi ili wagonjwa wa maumivu sugu wayatumie bila kubadili imani. Huko Encinitas, California, wazazi waliipeleka shule mahakamani kwa sababu ya masomo ya yoga; mwaka 2013 jaji akaamua kwamba kilichofundishwa pale hakikuwa dini, na mahakama ya rufaa ikakubaliana naye 2015. Mimi sikuwa na jaji. Nilimgongea mzee yule bomba, akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe ni kusikiliza tu." Tangu siku hiyo niliacha kuwaambia watoto wafumbe macho. Anayetaka anafumba, asiyetaka anatazama dawati.

Sitaki kuuza dawa nisiyoijua nguvu yake. Watu waliolifanya jambo hili kwa moyo wapo, na wanaojulikana sana ni wale vijana watatu wa Baltimore, Marekani: ndugu wawili, Ali na Atman Smith, pamoja na rafiki yao Andres Gonzalez, walioanzisha Holistic Life Foundation mwaka 2001 katika mitaa iliyochoka ya mji wao. Katika shule ya msingi ya Robert W. Coleman, mtoto aliyegombana alipelekwa kwenye chumba chenye mito, akapumua, akazungumza na mtu mzima, kisha akarudi darasani. Watafiti walipofuatilia kazi yao kwa watoto 97 wa darasa la nne na la tano katika shule nne za mji huo, na kuchapisha matokeo mwaka 2010, walikuta watoto waliopata mazoezi wameanza kuponyoka kwenye tabia ya kurudia-rudia jambo lililowaudhi akilini. Ni matokeo madogo, ya watoto wachache, na hata hivyo najua uzito wake. Mimi nilirudia kichuguu kile kichwani kwa miaka miwili.

Upande wa pili kuna Uingereza. Watafiti waliyapima mazoezi kama hayo katika shule 85 za sekondari, kwa vijana zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 13, na mwaka 2022 wakatoa jibu: hayakuwasaidia kuliko masomo ya kawaida ya malezi. Wengi wa wanafunzi hao hawakufanya mazoezi nyumbani, na kusema kweli wengi walichoka nayo. Wapo wanaoficha utafiti huu. Mimi naupenda. Unatukumbusha kwamba pumzi haiongezi madawati. Watoto wanne wenye kichongeo kimoja, hata wapulize uji mpaka jioni, bado wana kichongeo kimoja. Ulichopata ni dakika moja ambayo hakuna aliyempiga mwenzake. Swali ni utaifanyia nini dakika hiyo.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile duara.

Vitabu vingi vya amani shuleni vinaanza na watoto wawili: huyu ana hasira, yule ana hasira, wafundishe kuongea. Lakini nyuma ya vyoo tulikuwa watoto thelathini na zaidi, na wawili tu ndio waliokuwa hawataki kupigana. Toronto, Kanada, watafiti Debra Pepler na Wendy Craig pamoja na wenzao waliwarekodi watoto wa shule za msingi uwanjani kwa kamera za mbali na vinasa sauti, waone uonevu unavyokwenda pasipo mwalimu karibu. Katika matukio karibu 9 kati ya 10, watoto wengine walikuwepo wakitazama. Waliingilia kati mara chache, kama mara 1 katika 5. Lakini walipoingilia, katika zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi! Mwalimu wa zamu hajafungua mlango wa ofisi.

Wafini walijenga mradi wao mzima juu ya jambo hilo. Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku alionesha kwamba anayeonea ana wasaidizi wake, ana washangiliaji wake, ana waliogeuka pembeni, na mara mojamoja kuna mtetezi. Ukimfundisha mwonevu peke yake umemwachia jukwaa. Mradi wao, KiVa, ulioanza kutengenezwa mwaka 2006 na kusambazwa nchini kuanzia 2009, unafanya kazi na jukwaa. Jina ni kifupi cha maneno ya Kifini ya kupinga uonevu, na pia lina maana ya kitu kizuri. Bahati ya lugha. Sisi tuna kuamulia.

Basi nikaleta mchanga darasani. Nilibeba kwenye ndoo, nikaumwaga sakafuni mbele, nikachuchumaa, nikafinyanga vichuguu viwili. Darasa zima likaguna. Walidhani ni siri yao. Wengine walianza kutazama mlango wakidhani mwalimu mkuu anakuja na fimbo. Nikauliza: "Huyu anayefinyanga anataka nini?" Vidole kadhaa: anataka wapigane. "Anapata nini wakipigana?" Kimya kirefu, kisha msichana mmoja, mdogo wa umbo, wa wale wasioinua kidole mpaka uwabembeleze: "Anapata kuangalia, mwalimu."

Tukafanya mazoezi. Wawili wa kusimama katikati, mfinyanzi mmoja, wengine duara. Nikawataka waseme kila wanachosema uwanjani, wakaona haya mwanzoni, kisha wakasahau kwamba nipo. Halafu nikauliza nani katika duara anaweza kuuzima mchezo bila kumgusa mtu. Walipendekeza mengi. Kuita mwalimu: tukaona anachelewa. Kupiga kelele "acheni": tukajaribu, ikafanana na kushangilia. Kumshika mmoja mkono na kumwambia twende tukanywe maji: hilo lilifaa, hasa akiwa ni rafiki yake. Mwishowe yule mvulana wa dawati la nyuma, mfalme wa bomba, aliingia katikati akakaa juu ya vichuguu. Alikaa kabisa, makalio chini, akakunja miguu. Darasa likaanguka kicheko, na hao wawili waliokuwa wanaigiza ugomvi wakashindwa kuendelea. Sidhani kama kuna kitabu cha saikolojia chenye mbinu hiyo.

Haikumaliza ugomvi. Mwezi uliofuata walipigana wawili wakatoana damu puani, kwa jambo la nyumbani ambalo hakuna mchanga ungelifikia. Lakini uwanjani nilianza kuona watoto wakikalia vichuguu, na wafinyanzi wa darasa la sita wakabaki wameduwaa.

Kuna jambo ningependa kuliruka, ila nikiliruka sura hii itakuwa ya uongo. Asubuhi nilikuwa mwalimu wa bomba na uji. Mchana, nikichoka, nilikuwa na fimbo. Ya mpera, imechongwa vizuri. Kwa sheria yetu Tanzania Bara, Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 1979 na marekebisho yake ya 2002, kiboko kinaruhusiwa kwa makosa makubwa, kisizidi viboko vinne, kitolewe na mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kiandikwe kwenye kitabu. Wakenya walikiondoa mashuleni mwaka 2001. Mimi sikuwa na idhini ya maandishi na sikuandika popote, kama mwalimu wa zamu aliyenichapa mimi ambavyo hakuandika. Siku moja wawili walikuwa wamechaniana daftari, nikainua mkono. Mmoja wao, akitetemeka, akauliza kwa sauti ndogo, bila ujeuri wowote:

"Mwalimu, na wewe hutapuliza uji?"

Nilisimama mkono ukiwa juu. Nadhani nilipuliza, sina hakika. Ninachojua ni kwamba fimbo iliingia nyuma ya kabati na ikaliwa na mchwa.

Ningesema hayo ni mambo ya moyo wangu, lakini yana ushahidi mpana kuliko mimi. Uganda, wilaya ya Luwero, shirika la Raising Voices lilipeleka mpango wake wa shule bora katika shule 21 za msingi, nyingine 21 zikasubiri. Mpango huo hauanzi na watoto. Unaanza na shule kama jamii: walimu wanakaa kujadili nguvu waliyonayo, nidhamu bila kipigo, sauti ya mwanafunzi. Baada ya miezi 18, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionesha kuwa katika shule zilizosubiri karibu nusu ya watoto walisema wamepigwa au kuumizwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita. Katika shule za mpango walikuwa asilimia 31. Bado ni wengi mno. Lakini tofauti hiyo ni migongo ya watoto halisi. Naongeza maoni yangu: mtoto hasikilizi somo la amani kutoka kwa mtu ambaye anajipanga kumkwepa.

Usuluhishi wenyewe niliuacha wa mwisho, na hapo nilifuata wakubwa. Mwaka 1997 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha elimu ya amani katika kambi za Dadaab na Kakuma, kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa watoto waliokimbia vita vya Somalia na Sudan. Kilikuwa kipindi kimoja kwa wiki, ndani ya ratiba, michezo na mazungumzo badala ya kukariri. Ukitazama mpangilio wa masomo yao, usuluhishi na upatanisho viko mwishoni kabisa. Kabla yake kuna kuaminiana, kusikiliza, kutambua hisia, kushirikiana. Huwezi kumkalisha mtoto awe msuluhishi wakati hajawahi kurudia sentensi moja ya mwenzake bila kuipindua. Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wizara ya elimu ya huko iliandaa vitabu vya amani kwa shule za msingi mwaka 2008, na uzoefu wa kambini ulikuwa tayari umeshapikwa.

New York nao, kuanzia 1985, walikuwa na mpango mkubwa wa kufundisha usuluhishi shuleni. Ulipopimwa kwa maelfu ya watoto, ilionekana waliofaidika ni wale ambao walimu wao walifundisha masomo mengi, wiki hata wiki. Ambao walimu wao walikwenda kwenye mafunzo, wakapata vyeti, kisha wakafundisha vipindi vichache, hawakufaidika. Walimu wenzangu wanaopenda semina, mnisamehe.

Kwangu utaratibu ulikuwa mfupi. Kila wiki wasuluhishi wawili, wenye kitambaa cha kijani mkononi, jamvi moja chini ya mwarobaini. Sharti moja: kabla hujajibu, sema alichosema mwenzako, mpaka yeye mwenyewe aseme "ndivyo." Mimi nasimama mbali. Kusimama mbali kulinishinda kuliko kila kitu.

Wasichana wawili wa dawati moja walichangishana wakanunua rula, ya mbao, ya sentimita 30. Tatizo likawa nani alale nayo.

"Amesema nini?" msuluhishi aliuliza.

"Amesema mimi mchoyo."

"Sijasema mchoyo. Nimesema ukienda nayo kwenu kaka yako anakorogea rangi."

"Haya, amesema kaka yangu anakorogea rangi."

"Ndivyo?"

"Ndivyo. Na inarudi haisomeki namba."

"Na wewe?"

"Mimi nasema yeye akienda nayo Ijumaa, Jumatatu haji shule. Anaenda sokoni na mama yake. Tunakaa bila rula."

"Amesema mimi Jumatatu siji."

"Ndivyo."

Nilikuwa na suluhisho langu mdomoni, zuri, la kiutu uzima: rula ibaki kabatini kwangu. Niliuma ulimi. Waliongea muda mrefu, mpaka kengele ya kurudi darasani ikagongwa nikajifanya sijaisikia. Kisha wakaja wote wanne. "Mwalimu, tunaomba ruhusa twende kwa fundi." Ng'ambo ya barabara kulikuwa na seremala. Nikawaruhusu, nikidhani wanakwenda kumwomba mbao ya kutengenezea rula nyingine.

Walirudi na rula mbili. Fundi alikuwa ameikata katikati, kwa msumeno, kwenye 15. Walificha jiwe mkononi kuamua nani achukue kipande cha mwanzo, na aliyekosa akachukua cha pili, kile kinachoanzia 15 na kuishia 30. Nilitaka kuwagombeza. Rula nzuri, mpya, imeharibiwa! Nikawauliza kama wameridhika. Wakanitazama kama mtu aliyeuliza swali la kijinga.

Kesho yake nikatoa zoezi: chora mstari wa sentimita 7. Mwenye kipande cha kwanza alimaliza upesi. Mwenye cha pili aliweka rula yake kwenye daftari, midomo ikicheza bila sauti, kidole kikitembea kutoka ukingoni: 16, 17, 18, mpaka 22. Akachora. Nilipopita kusahihisha nilipima na ya kwangu. Ulikuwa sentimita 7 kasoro milimita moja, ile iliyoliwa na msumeno. Nikampa vema.